Mistari isiyo na jina: kazi ya maabara kwenye kutafuta molekyuli za angani

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wakubwa wote mliopo, na nyie wanafunzi mambo vipi. Nimeombwa niongee juu ya molekyuli za angani na najua wengi mkisikia hivyo mnawaza darubini, zile antena kubwa kubwa mlimani, picha za mawingu ya rangi rangi. Mi leo sitazungumzia sana darubini. Nazungumzia meza. Meza ya maabara yenye pampu inayonguruma kutwa, mabomba ya gesi, waya kila upande, alafu mtu mmoja kakaa mbele ya skrini anasubiri kilima kidogo kichomoze kwenye mchoro ulio bapa.

Sababu ni hii. Darubini ya redio ikipokea mawimbi kutoka kwenye wingu la gesi yenyewe haijui imepokea nini. Inakupa mchoro wenye vilima vilima, sisi tunaviita mistari, kila kimoja na masafa yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, basi. Kwamba hiki ni pombe, hiki ni asidi, na hiki ni kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona, hayo hayajaandikwa kule juu. Yanaandikwa huku chini, na mtu wa maabara.

Nianze na kisa cha mwaka 1970. David Buhl na Lewis Snyder walikuwa wanatumia darubini ya Kitt Peak kule Arizona, Marekani, wakakuta mstari wenye nguvu kabisa kwenye gigahertsi 89.19 na haukuwepo kwenye orodha yoyote. Wakageuza darubini upande mwingine, upo. Wingu jingine, upo. Yaani kitu ni cha kawaida kabisa huko angani na hapa duniani hamna anayekijua. Wakakipa jina la kuazima, X-ogen, ile X ya kwenye hesabu unayoiandika ukiwa bado hujapata jibu. Mwaka huo huo William Klemperer, mkemia wa Harvard, akasema hiyo itakuwa ni HCO+, yaani kaboni monoksidi iliyobeba kiini cha hidrojeni mgongoni na kuwa na chaji chanya. Hoja yake ilikuwa nzuri sana, lakini hoja ni hoja na kipimo ni kipimo. Kipimo kilikuja 1975, pale Claude Woods na wenzake kule Wisconsin walipochanganya hidrojeni na kaboni monoksidi kwenye bomba, shinikizo dogo sana, wakapitisha umeme, na mstari ukatokea pale pale kwenye 89.19. Miaka 5 kitu kinaonekana kila mtu akigeuza darubini, na hakina jina mpaka mtu akitengeneze ndani ya bomba. Hicho kisa nakipenda kwa sababu kazi yetu yote imo humo.

Sasa kwa nini kila molekyuli iwe na masafa yake? Molekyuli ikiwa peke yake kwenye gesi inajizungusha, ila haijizungushi kwa kasi yoyote inayotaka, inaruhusiwa ngazi fulani fulani tu, hiyo ndo kwantamu yenyewe. Ikishuka ngazi moja inatoa wimbi lenye masafa maalum, na masafa hayo yanategemea uzito wa kila atomu na umbali kati ya atomu na atomu. Sogeza atomu moja kidogo tu, masafa yamebadilika. Kaboni monoksidi inatoa wimbi lake la kwanza kwenye gigahertsi 115.271, ukitoa ile kaboni ya kawaida yenye uzito wa 12 ukaweka ya uzito wa 13, mstari unahamia 110.201. Kikemia ni kitu kile kile, lakini kwenye redio ni wawili tofauti kabisa. Ni kama sauti ya mtu unayemfahamu, akiita tu nje mlangoni umeshajua ni nani, hata hujafungua. Ila ili umjue kwa sauti lazima uwe ulishawahi kumsikia. Hapo ndo maabara inapoingia.

Na kumsikia sio rahisi, kwa sababu vitu vingi tunavyovitafuta havikai. Chukua wingu linaloitwa TMC-1, liko kwenye kundinyota la Ng'ombe, pande zile zile za Kilimia. Joto lake ni kama kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, na kwenye sentimita moja ya ujazo kuna molekyuli kama 10,000 hivi. Mtasema hizo nyingi, lakini hewa tunayovuta humu ukumbini kwenye sentimita hiyo hiyo moja ina milioni mara milioni mara milioni, alafu hiyo yote mara 25. Hata ombwe la kawaida la maabara zetu lina molekyuli nyingi kuliko wingu lile ambalo sisi tunaliita zito. Kwa hiyo kule molekyuli inaweza kukaa siku nzima au zaidi bila kugongana na mwenzake, na kitu ambacho hapa kingekufa kabla hujapepesa jicho, kule kinaishi. Minyororo mirefu ya kaboni, ayoni yaani molekyuli zenye chaji, radikali yaani zile zenye elektroni moja isiyo na mwenza. Vitu hivyo huwezi kuagiza vikaja kwenye chupa. Unavitengeneza papo hapo na unavipima kabla havijafa.

Mashine ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii ilitangazwa 1979 na Balle na Flygare wa Chuo Kikuu cha Illinois, na mpaka leo maabara nyingi zinatumia mashine za ukoo ule. Ni chombo kikubwa cha chuma, ndani ombwe, na vioo viwili vya chuma vilivyobonyea vinatazamana. Kuna valvu ndogo inafunguka kwa muda kama sehemu ya elfu ya sekunde, inapuliza gesi, tuseme neoni au agoni iliyotiwa kiasi kidogo tu cha kemikali yako. Gesi ikitoka kwenye shinikizo kubwa ikaingia kwenye utupu inatanuka ghafla na inapoa, na kupoa kwenyewe sio kidogo, inashuka mpaka kelvini chache, yaani baridi ya wingu la angani unaitengeneza kwa kupuliza tu. Ukitaka vile vitu visivyokaa unaweka umeme wa volti kama 1,000 pale mdomoni mwa valvu, gesi inawaka, molekyuli zinavunjika na kuungana upya ovyo ovyo, na kabla hazijapata nafasi ya kugongana tena na kuharibiana zimeshapoa na kutulia. Alafu unapiga pigo fupi la maikrowevu. Unanyamaza. Unasikiliza. Ni kama umegonga kengele ukaondoa mkono, kama masafa uliyopiga ni ya kwake basi molekyuli zinaita zenyewe kwa muda mfupi sana na kufifia, na kompyuta inauchukua ule mlio, inauchambua, inakuchorea mstari.

Mara nyingi haziiti. Unasogeza masafa kidogo unapiga tena, unasogeza unapiga, unabadilisha shinikizo, unabadilisha volti, unaongeza gesi hii unapunguza ile, saa 8 zimepita na mchoro bado bapa. Siku hizi kuna mashine mpya zaidi, Brooks Pate na watu wake kule Virginia walileta mtindo wa kupiga pigo linalopanda masafa kwa haraka kama mluzi, kwa hiyo badala ya kugonga kengele moja moja unagonga kengele zote kwa mpigo. Imebadilisha kazi kabisa. Lakini nayo ina ugumu wake, maana ukigonga zote zinakuita zote, hata zile ambazo hukuzialika. Mi niliwahi kukaa wiki tatu nzima nafuatilia kundi la mistari nikiamini nimeshika radikali mpya, usiku silali, nimeshaanza kuandika na mwanzo wa ripoti. Ilikuwa asetoni. Tuliyosafishia bomba. Nililia, nasema kweli, na siku iliyofuata nikaweka utaratibu ambao naufuata mpaka leo, sitangazi kitu mpaka nimekitoa kimoja kimoja kila kilichomo ndani ya gesi na kuona mstari unasemaje.

Kuna swali huwa naulizwa kila nikisimama mahali kama hapa, na ni swali zuri: kwani kompyuta haziwezi kukokotoa hayo masafa tukaachana na mapampu na mabomba? Zinaweza kukokotoa, na zinatusaidia sana, bila hesabu zile tungekuwa tunapapasa gizani. Ila tupige hesabu pamoja. Tuseme kompyuta imekosea sehemu 1 tu kwa 1,000, ambayo kwa molekyuli ngumu ni kazi nzuri. Kwenye gigahertsi 100 hilo kosa ni megahertsi 100. Sasa ndani ya megahertsi 100, ukiangalia wingu tajiri kama Sagittarius B2 kule karibu na katikati ya galaksi yetu, imejazana mistari kibao, wako ni upi hapo? Kule TMC-1 gesi imetulia kiasi kwamba mistari ni myembamba sana, upana wake ni wa mwendo wa chini hata ya nusu kilomita kwa sekunde, na ukiugeuza kuwa masafa kwenye gigahertsi 20 unapata kilohertsi chache tu, 20 au 30 hivi. Kwa hiyo kipimo cha maabara lazima kiwe sahihi mpaka kwenye kilohertsi. Kompyuta inakuonyesha mtaa, maabara inakupeleka mpaka kwenye mlango wa nyumba.

Na hata ukiwa na kipimo unaweza ukawa na kipimo cha mtu mwingine. Hapa lazima niwape kisa cha agoni, kwa sababu kwangu ni moja ya visa vizuri kuliko vyote kwenye fani hii. Darubini ya Herschel iliyokuwa huko juu angani iliona mstari kwenye gigahertsi 617.5, ulionekana hata kwenye gesi nyembamba iliyoko kati yetu na Sagittarius B2, na haukujulikana ni wa nani. Sasa agoni ikishikana na hidrojeni kuwa ayoni, ArH+, mstari wake wa kwanza uko kwenye 615.9. Karibu, ila hapana. Tofauti ya gigahertsi 1.7 kwenye kazi hii ni kama mji mwingine kabisa. Jibu lilikuwa hewani, tunalivuta kila siku. Agoni iliyomo kwenye hewa ya dunia karibu yote ni ya uzito wa 40, na ni ya uzito huo kwa sababu imetokana na potasiamu ya kwenye miamba iliyooza polepole kwa mionzi. Huko angani hakuna mwamba wa kuitoa namna hiyo, agoni ya kule inapikwa ndani ya nyota kubwa na mlipuko wake, na nyingi ni ya uzito wa 36. Weka 36 badala ya 40 na mstari unahama unatua kwenye 617.5 sawasawa. Mwaka 2013 Mike Barlow na wenzake wakatangaza kuwa wameiona kwenye Nebula ya Kaa, mabaki ya ile nyota iliyolipuka na watu wakaiona mwaka 1054. Ilikuwa mara ya kwanza molekyuli yenye gesi bwete ndani yake, yaani gesi isiyopenda kushikana na kitu, kuonekana angani. Mnaona? Mstari mmoja, namba moja, na ndani yake kuna historia ya miamba yetu na ya nyota iliyokufa.

Saa nyingine mistari inakuja kama kitana, yenye nafasi sawa sawa, hapo unajua hata kabla ya jina kwamba hiki kitu ni kirefu na kimenyooka kama fimbo. Mwaka 1995 Kentarou Kawaguchi na wenzake wa Japani walichunguza ile nyota ya kaboni IRC+10216, kwenye kundinyota la Simba, wakaona kitana cha namna hiyo. Kilichokuwa kinakibeba wakakiita B1377, kufuatana na namba ya mzunguko wake ambayo ni megahertsi 1377. Kikakaa na jina la namba miaka 11. Mwaka 2006 Michael McCarthy, Patrick Thaddeus na wenzao wa Harvard wakakitengeneza maabara: mnyororo wa kaboni 6 na hidrojeni 1 wenye chaji hasi, C6H-. Na hiyo ndo ikawa ayoni hasi ya kwanza kujulikana angani. Kabla ya hapo wengi hawakuwa na sababu ya kuzitafuta ayoni hasi huko, na watu waliokuwa wanaziwaza hawakuwa na masafa ya kuelekezea darubini. Baada ya kipimo kile nyingine zikafuata kwa haraka.

Niseme pia kuna molekyuli bubu. Ili itoe wimbi la redio ikizunguka lazima upande wake mmoja uwe chanya kidogo na mwingine hasi kidogo. Hidrojeni yenyewe, H2, ambayo ndo iliyojaa kuliko zote, haina pande hizo, ndo maana tunaifuatilia kwa kupitia kaboni monoksidi. H3+, ile pembetatu ya hidrojeni ambayo ndo inaanzisha sehemu kubwa ya kemia ya mawinguni, nayo hivyo hivyo, ni pembetatu yenye pande sawa. J. J. Thomson aliigundua 1911 kwenye maabara, lakini spektra yake, yaani mchoro wa mistari yake, haikupatikana mpaka Takeshi Oka alipoipata 1980 kwa infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, baada ya kuitafuta kama miaka 5, na mwaka 1996 yeye na Tom Geballe wakaiona kwenye mawingu ya angani. Kutoka 1911 mpaka 1996. Mi nikichoka na mashine huwa nakumbuka hiyo.

Benzini nayo, ile pete ya kaboni 6, ni bubu kwenye redio. Watu walishajua kwa miaka mingi kuwa pete za kaboni zimejaa angani, maana mng'ao wake wa infraredi unaonekana kila mahali, lakini mng'ao ule unachanganya pete za kila aina, huwezi kusema hii ni ile na ile ni hii. Dawa yake ikawa kutafuta ndugu yake benzini mwenye mkia, benzonitrili, pete ile ile ila hidrojeni moja imetolewa ikawekwa kaboni na naitrojeni. Mkia huo unaipa sauti. Brett McGuire na wenzake wakapima upya masafa yake maabara, wakaielekeza darubini ya Green Bank yenye kipenyo cha mita 100 kwenye TMC-1, na 2018 wakatangaza imeonekana. Tangu hapo mlango umefunguka: pete mbili zenye mkia 2021, pete nne, sianopireni, 2024, na 2025 ikaja sianokoroneni yenye pete saba. Hizi za mwisho hazikuwa zinakaa kwenye kabati zikisubiri, wakemia walizitengeneza maalum kwa kazi hii, zikapimwa, ndo darubini ikaulizwa. Na mistari yake ni dhaifu kiasi kwamba mmoja mmoja hauonekani, wanachukua masafa ya maabara, wanaiweka mistari yote ya molekyuli moja juu ya mwenzake mpaka jumla yake inatokeza. Ukikosea masafa ya maabara kidogo tu haijipangi na hupati kitu.

Sasa nije kwenye deni kubwa la fani yetu, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Mwaka 1919 Mary Lea Heger alikuwa mwanafunzi kwenye Lick Observatory kule California. Alikuwa anapiga picha spektra za nyota, akakuta alama mbili za giza, kwenye nanomita 578 na 579.7, pana kidogo na zenye kingo za ukungu, ambazo hazikuhama pamoja na mistari ya nyota. Yaani sio za nyota, ni za kitu kilichoko njiani kati ya nyota na sisi. Leo alama kama hizo zinajulikana zaidi ya 500. Zaidi ya karne imepita, na karibu zote hazina jina. Fikirini hilo, mwanga wa nyota unapita kwenye kitu, kitu kinameza rangi fulani fulani, tunaona kabisa kilipomeza, na hatujui ni nini.

Karibu zote, nimesema, kwa sababu kuna chache tumezilipa. Mwaka 1985 Harry Kroto alikwenda Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kwa Richard Smalley na Robert Curl, na lengo lake lilikuwa la angani kabisa, alitaka kupiga grafaiti kwa leza aone kama ile minyororo ya kaboni inayotengenezwa kwenye nyota itajitengeneza pale. Minyororo ilikuja. Lakini likaja na jingine, donge la kaboni 60 lililojifunga kama mpira, pembetano 12 na pembesita 20. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1996 ilitoka hapo. Swali likawa, je huko angani lipo? John Maier wa Basel na wenzake 1993 wakapima C60+, yaani donge lile likiwa na chaji chanya, iliyogandishwa ndani ya neoni ngumu, na kufuatia namba hizo Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund 1994 wakatafuta kwenye mwanga wa nyota wakakuta alama mbili mpya karibu na hapo, kwenye angstromu 9577 na 9632 (angstromu 10 ni nanomita 1). Karibu na hapo. Tatizo ni lile neno karibu, maana neoni inayoizunguka molekyuli inaisukuma mistari kidogo, na hakuna aliyejua inaisukuma kiasi gani hasa, kwa hiyo wengine waliamini wengine hawakuamini, na wote walikuwa na haki yao.

Ilichukua miaka 21. Mwaka 2015 timu ya Maier pamoja na Dieter Gerlich wakaikamata C60+ kwenye mtego wa umeme ulio baridi chini ya kelvini 10, wakaibandika atomu moja ya heliamu, ambayo inaigusa kwa wepesi sana karibu isiisumbue kabisa, alafu wakapitisha leza. Leza ikiwa kwenye rangi sahihi molekyuli inameza mwanga, inapata joto, heliamu inabanduka, na wewe unahesabu ngapi zimebanduka. Wakapata 9577.5 na 9632.7. Alama za angani ziko hapo hapo. Baadaye, 2019, darubini ya Hubble ikaona na zile alama dhaifu zaidi ambazo maabara ilisema lazima ziwepo. Mi niliposoma vile vipimo vya 2015 niliacha kazi zote nikatoka nje nikatembea. Watu wamebandika atomu moja ya heliamu kwenye mpira wa kaboni ili wajue kitu gani kinameza mwanga wa nyota, na wamejua.

Upande wa pili wa ukweli niuseme pia. Mwaka 2003 ilitangazwa kuwa glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, imeonekana kwenye mawingu ya angani, kwa mistari 27. Habari kubwa sana. Mwaka 2005 Lewis Snyder, yule yule wa X-ogen, na wenzake wakaipitia mistari ile kwa makini wakaonyesha haitoshi, kuna mistari ambayo lazima ingekuwepo na haikuwepo, na mingine ingeweza kuwa ya molekyuli nyingine. Glisini imekutwa kwenye vumbi la kimondo-mkia Wild 2 na kwa kimondo-mkia 67P, lakini kwenye mawingu kati ya nyota bado. Na kuipima maabara nako ni mtihani, maana ukiipasha moto ili iwe gesi inapenda kuharibika kabla haijaruka, alafu ina maumbo zaidi ya moja na lile lenye sauti kubwa ndo lilisikika kwanza wakati lile la kawaida zaidi lilikuja baadaye. Siku hizi tunapiga unga wake mkavu kwa leza, unaruka mara moja na gesi inaupoza papo hapo. Wapo wanaoona kesi ya glisini kama aibu ya fani, mi siioni hivyo hata kidogo, ile ndo kazi ikifanywa inavyotakiwa.

Mpaka sasa molekyuli zilizotambuliwa kati ya nyota zimepita 300. Ila ukichukua spektra ya Orion au Sagittarius B2 kutoka darubini ya ALMA ya Chile utakuta mistari mingi bado imeandikwa herufi U tu, na kwa bahati nzuri hata kwa Kiswahili inakubali, usiojulikana. Darubini zinazidi kuwa kali kila mwaka, zinaleta mistari kwa kasi, na huku mezani tuko wachache. Tunahitaji watu wa pampu, watu wa elektroniki, mtu anayejua kuchomelea chuma kisivuje hewa, wakemia wasioogopa vitu vinavyolipuka, watu wa hesabu, na zaidi ya yote mtu mvumilivu. Nyie wanafunzi msifikiri lazima uwe bingwa wa nyota, mimi mwenyewe nimeingia kwa mlango wa kurekebisha mapampu.

Na mistari ya U sio ya angani tu. Kwenye mashine yetu sasa hivi tunachoma asetilini na naitrojeni kwenye umeme, na kati ya mistari tunayoijua kuna minne ambayo hatuijui, imepangana kwa nafasi karibu sawa. Nimetoa naitrojeni, imepotea. Nimeirudisha, imerudi. Nimezima umeme, imepotea. Kwa hiyo ina naitrojeni ndani yake na inazaliwa kwenye umeme, na kwa zile nafasi ni kitu kirefu. Asetoni haipo, nimehakikisha mara tatu. Wiki ijayo tunaweka hidrojeni nzito, diteriamu, mahali pa hidrojeni ya kawaida, tuone mistari inahama kiasi gani au haihami kabisa. Haya, nani anaanza na swali?